Krenki Ikilia, Usianze na Nyundo

Baiskeli ya chuma ikianza kulia kila ukikanyaga, wengi wetu hapa Malindi hukimbilia nyundo. Pini ya krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, inagongwa mbili tatu papo hapo barabarani, mlio unakoma, mitungi ya maji inapakiwa, safari ya Maweni inaendelea. Baada ya siku chache mlio umerudi, na sasa krenki inacheza. Huenda pini haikuwa na kosa lolote. Au kosa lilikuwa lake kweli, lakini iligongwa krenki ikiwa hewani bila egemeo, na kishindo chote kikaishia kwenye gololi zilizo ndani.

Mwongozo huu ni wa mwenye Black Mamba, au baiskeli nyingine ya zamani, anayetaka kujua kasoro iko wapi kabla hajashika spana. Jambo lenyewe halingoji. Krenki iliyolegea haibaki kama ilivyo: kila mkanyago chuma kinasugua chuma, tundu linapanuka, na chuma kilicholika hakirudi. Pini ni kitu cha bei ndogo. Ukichelewa utanunua pini, ekseli ya katikati inayobeba krenki, na krenki yenyewe.

Halafu sisi wa pwani tuna chumvi. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Ngomeni anaijua vizuri, lakini hata wa mjini upepo wa bahari unamfikia. Chumvi inakula pini ikiwa ndani ya tundu lake, na kutu hiyo hiyo ndiyo inayoifanya ing'ang'anie siku unayotaka kuitoa.

Kwanza sikiliza

Shusha mzigo wote, pamoja na kamba na mipira ya kufungia. Kerieri yenye nati zilizolegea hulia sawasawa na krenki, kwa sababu ukikanyaga mwili unayumba na kerieri inayumba nao. Kaza nati za kerieri na za stendi, kisha toka uendeshe mahali ambapo tuktuk hazikupigii kelele masikioni.

Kanyaga kwa nguvu, halafu tuliza miguu uache baiskeli ijiendee. Mlio ukiendelea miguu ikiwa imetulia, acha krenki, kaangalie magurudumu, spoki na madigadi. Ukikoma mara tu unapoacha kukanyaga, basi kasoro iko kwenye pedali, krenki, ekseli ya katikati, mnyororo au siti.

Siti ndiyo rahisi kuiondoa kwenye hesabu. Simama juu ya pedali bila kuikalia. Mlio ukipotea, umeshampata mwizi: paka mafuta kwenye springi na ukaze klampu yake. Siti zile pana zenye springi hulia vibaya sana, na ziko pini nzima zilizotupwa kwa ajili ya springi kavu. Mnyororo mkavu nao una mlio wake, mwembamba na wa mfululizo. Krenki hulia mara moja kwa kila mzunguko, wakati mwingine mara mbili, na mara nyingi mguu ule ule ukiwa unashuka. Kanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, ujue ni upande upi.

Hata hivyo usilitegemee sikio peke yake. Mabomba ya fremu ni matupu ndani na sauti husafiri humo. Mlio wa pedali unaweza kukufikia kama unatoka chini ya siti.

Kisha shika kwa mikono

Shika krenki zote mbili, moja kwa kila mkono, uzisukume upande wa kushoto na kulia wa fremu. Zikitembea zote pamoja, krenki zimeshika vizuri kwenye ekseli, ila ekseli yenyewe inacheza ndani ya gololi. Krenki moja ikitembea peke yake, na ya pili imetulia, kasoro iko pale krenki ile inapokutana na ekseli. Kipimo hiki kimoja kinatenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku.

Cha pili kinataka utulivu zaidi. Weka krenki zilale, moja mbele moja nyuma, ubonyeze pedali zote mbili kwa viganja, kwa uzito wa mwili. Zungusha nusu mzunguko, ya mbele iende nyuma, ubonyeze tena. Pini iliyolegea itagonga "tak" ndogo, kwa sababu sasa nguvu inaingia kwa upande wa pili na ile nafasi ndogo iliyopo inahama. Mwombe mtu aweke kidole penye kiungo cha krenki na ekseli. Kidole huhisi mtikisiko ambao jicho halijauona bado.

Usisahau pedali zenyewe. Shika pedali uitikise. Ikicheza kwenye ekseli yake, hiyo ni kazi nyingine. Hata isipocheza, ifungue kwa spana namba 15, pangusa hesi zake, ile mikato ya kukazia, paka grisi, irudishe uikaze barabara. Pedali ya kulia hukazwa kwa mwendo wa saa, ya kushoto kinyume chake. Atakayeisahau hiyo ya kushoto ataharibu hesi za krenki nzima. Milio mingi huishia hapa, kwenye hesi kavu za pedali, wala pini haijaguswa.

Pini, nyumba ya matatizo mengi

Krenki za Black Mamba zinashikwa na pini ya chuma iliyokatwa bapa upande mmoja kwa mshazari, kama kabari. Ule ubapa unaegemea ubapa mwingine uliochongwa kwenye ekseli. Kinachoishika krenki ni mbano wa hiyo kabari. Nati haivuti pini ikaingia. Kazi yake ni kuizuia isirudi nyuma. Ukilielewa hili, umeelewa nusu ya mwongozo mzima.

Mzee mmoja anayeleta madafu kutoka Ganda alikuja na baiskeli inayolia upande wa kushoto.

"Ami, krenki hii ilikazwa lini?"

"Wiki jana, mwanangu. Na wiki ile nyingine pia."

Nati ilikuwa imefika mwisho wa hesi, haina tena pa kwenda, na krenki inacheza vile vile. Tulipoitoa pini, kwenye ule uso bapa palikuwa na ngazi, kina chake kinatosha ukucha kukwama. Sehemu iliyogusana na ekseli imeng'aa, iliyobaki ni nyekundu kwa kutu. Pini ya namna hiyo hata ukiikaza mchana kutwa haishiki, kwa sababu ekseli imeshajichimbia makao ndani yake na kwa kila mkanyago inacheza ndani ya shimo hilo. Ukiona nati imefika mwisho wa hesi, usiongeze nguvu. Itoe pini uiangalie.

Kuitoa kunataka maandalizi. Jioni paka mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za tundu, ukikosa tumia diseli, uache ilale hivyo. Asubuhi legeza nati kwa spana inayokaa sawasawa, mara nyingi namba 10 au 11, mpaka uso wa nati ulingane na ncha ya pini. Usiitoe kabisa: hapo inalinda hesi zisipondeke.

Sasa tafuta kipande cha bomba la maji la chuma. Simamisha baiskeli kwa magurudumu yake, laza krenki ili nati itazame juu, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, pale penye pini. Kata bomba kwa urefu huo. Lisimamishe chini ya krenki, kichwa kinene cha pini kikiingia ndani ya tundu la bomba na ukingo wa bomba ukiibeba krenki. Mtu ashike baiskeli. Hakikisha uko juu ya saruji au jiwe. Juu ya mchanga bomba linazama, nguvu yote inamezwa na ardhi, na pini haitoki.

Bomba hilo ndilo linalotofautisha kazi nzuri na uharibifu. Bila hilo, pigo hupita kwenye ekseli likazigonga gololi, nazo zikachora vidimbwi ndani ya vikombe vyake, yale makalio ya chuma zinamozunguka. Baiskeli inatoka pini imetulia, lakini sasa inanguruma katikati, na hapo utaambiwa gololi zimezeeka.

Piga kwa nyundo nzito, ya kilo moja au zaidi, pigo moja lililonyooka. Pigo moja zito hung'oa. Vigongo vidogo vidogo hupinda ncha na kuipanua kama uyoga. Mwenye jiliwa kubwa, kile kibanio cha karakana, aisukume pini kwa jiliwa, ni bora kuliko nyundo. Ncha ikishapinda, usipigane nayo: ikate kwa msumeno, toboa katikati kwa drili, kisha uisukume iliyobaki kwa kipande cha chuma.

Pini ikitoka, pangusa tundu uliangalie kwenye mwanga. Tundu la krenki liwe duara, lisiwe kama yai. Pitisha kidole kwenye ubapa wa ekseli: kingo zake ziwe kali na uso wake uwe laini. Ikiwa kingo zimeviringika, pini mpya itashika kwa muda mfupi tu, na afadhali ujue mapema kwamba ekseli nayo yafaa kubadilishwa.

Nenda dukani na pini ya zamani mkononi. Unene wa kawaida kwa baiskeli za mtindo wa Kiingereza, na za Kihindi zilizoufuata, ni milimita 9.5, lakini zipo za 9 na hata 8.5 kwa baiskeli za kwingineko. Nusu milimita haionekani kwa macho, ila inatosha kukurudisha dukani. Nunua mbili. Zikifanya kazi pamoja huchakaa pamoja, na upande wa pili hauko mbali.

Ijaribu pini mpya kabla ya kupiga chochote. Isukume kwa kidole. Ikizama mpaka kichwa kinaingia tunduni, ni nyembamba mno. Ikikwama mapema, hata hesi hazitokezi upande wa pili vya kutosha kushika washa na nati, ule uso bapa unahitaji kusuguliwa kwa tupa laini. Sugua kidogo, jaribu, sugua tena, ukihakikisha uso unabaki bapa kabisa na mshazari wake haubadiliki. Pini mbili zikichongwa tofauti, krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja, na goti litakwambia.

Kuhusu upande wa kuingiza: krenki zikiwa zimelala, nati moja itazame juu na nyingine chini. Zote mbili zikitazama upande mmoja, krenki zitapishana kidogo. Paka grisi kidogo sana, utando tu. Wapo mafundi wanaoziweka kavu, lakini kwa chumvi hii yetu mimi siweki pini kavu, maana kuna siku itabidi itoke.

Rudisha bomba chini ya krenki, sasa tundu lake likitazama upande wa nati. Piga kichwa cha pini mara mbili tatu kwa nguvu, weka washa na nati, kaza. Piga tena, kaza tena. Nati ikiwa haisogei baada ya pigo, pini imekaa. Usiivute pini kwa nati, hesi zake ni nyembamba na zitakatika.

Kisha endesha bila mzigo, mjini hadi karibu na daraja la Sabaki inatosha, urudi uipige pini na kuikaza mara nyingine. Chuma kipya hujikalia chenyewe katika safari za mwanzo, na nati iliyokuwa imekaza hujikuta imelegea. Wengi huiruka hatua hii, halafu hulaumu pini za siku hizi.

Ikiwa ni gololi

Ikiwa krenki zote mbili zilitembea pamoja kwenye kipimo cha kwanza, toa krenki ya kushoto. Utaona ringi ya kufungia yenye mikato, na ndani yake kikombe. Ringi na kikombe cha kushoto hufunguka kinyume cha saa. Ukikosa spana yake, gonga ringi taratibu kwa kipande cha chuma butu kwenye mkato, usitumie patasi kali.

Tandika kitambaa chini kabla hujavuta ekseli, la sivyo gololi zitatawanyika uwanjani. Kwa kawaida ni 11 kila upande zikiwa huru, za robo inchi. Baiskeli nyingine zina gololi 9 zilizoshikwa na keji. Keji ikiwa imekatika, itupe uweke 11 huru mahali pake, zinabeba mzigo vizuri zaidi. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Gololi iliyopoteza mng'ao au yenye alama hata moja haifai, na zibadilishe zote, zisichanganywe mpya na kuukuu. Vikombe vyenye vidimbwi navyo vimekwisha.

Kikombe cha kulia kiache mahali pake kama ni kizima. Kikilazimika kutoka, kwenye baiskeli za mtindo wa Kiingereza hufunguka kwa mwendo wa saa. Watu wamening'inia kwenye spana kwa nguvu zao zote, kumbe wanakaza.

Jaza grisi vikombe, panga gololi ndani yake, grisi itazishika. Grisi ya magari inafaa. Ile inayotumiwa na mafundi wa injini za boti inastahimili maji zaidi. Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyasifu, hayafai hapa. Huyeyuka karibu nyuzi joto 24, maana yake Malindi ni maji karibu mwaka mzima, na yakishatiririka yanayobaki ni mchanga mtupu. Kabla ya kurudisha ekseli, kata kipande cha chupa ya plastiki, ukikunje kiwe bomba jembamba, ukiweke katikati ya vikombe viwili. Kinazuia kutu na mchanga unaoshuka kutoka kwenye bomba la siti usiingie kwenye grisi.

Upande mrefu wa ekseli ndio wa mnyororo. Kaza kikombe cha kushoto kwa mkono mpaka mchezo uishe, rudisha kidogo sana, kishike kisizunguke huku ukikaza ringi. Ekseli izunguke laini bila kukwaruza. Uamuzi wa mwisho ufanye krenki ikiwa imefungwa, kwa sababu urefu wa mkono wa krenki hukuza mchezo mdogo ambao vidole visingeuhisi kwenye ekseli tupu.

Krenki za aluminiamu

Baiskeli za gia, nyingi zikiwa za mtumba, hazina pini. Ekseli ina ncha ya pembe nne iliyochongoka, na krenki ya aluminiamu inakazwa juu yake kwa bolti. Hapa chelewa siku moja tu na umechelewa: aluminiamu ni laini, ekseli ni chuma kigumu, na ukiendesha ikiwa imelegea, zile pembe za tundu zinaviringika. Likishaviringika, hakuna kukaza kutakakolirudisha. Kipande cha kopo la soda kilichochomekwa kati kitakufikisha nyumbani. Baada ya hapo tafuta krenki nyingine.

Ikiwa tundu bado ni zima, toa bolti na washa yake, kwa kawaida kwa spana ya boksi namba 14, kisha ingiza pula, kifaa cha kuvutia krenki itoke. Iingie mpaka mwisho wa hesi zake kabla hujaanza kuvuta, na uhakikishe washa haikusahaulika ndani, maana hizo ndizo sababu mbili zinazong'oa hesi za krenki. Pangusa ncha na tundu, rudisha, kaza kwa niutoni mita 35 hivi. Kwa mpini wa sentimita 20, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 18 mwishoni mwake. Usirudie kuikaza kila wiki kama dawa, kwa sababu kila ukiikaza krenki inapanda zaidi kwenye ncha na tundu linazidi kupanuka.

Malindi tuna jambo letu la pekee. Waitaliano wameishi hapa tangu kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na baadhi ya baiskeli zilizoingia nao zina hesi za Kiitaliano: vikombe vyote viwili, kulia na kushoto, hufunguka kinyume cha saa. Vina kipenyo cha milimita 36, vikubwa kidogo kuliko vya Kiingereza, kwa hiyo usilazimishe kikombe cha kawaida. Na kwa sababu hesi za upande wa kulia haziendi kinyume, mzunguko wa gololi wenyewe hukilegeza kikombe hicho polepole. Kikaze kwa nguvu kuliko ulivyozoea, ukikague mara kwa mara.

Ukiwa umepita yote haya na baiskeli bado inalia, ipindue uoshe vizuri pale mabomba yanapokutana chini, penye krenki. Tafuta mstari mwembamba wa kutu unaochungulia chini ya rangi. Huo ni ufa. Fremu hizi ziliungwa kwa shaba, basi mpelekee fundi wa gesi anayechomelea kwa shaba, kwa kuwa moto wa umeme hutoboa bomba jembamba kwa urahisi. Toa ekseli, vikombe na gololi zote kabla hujampelekea, maana joto lile litavilegeza vyuma vyake na kuiunguza grisi uliyoipaka jana.